Mgeni ni Nani Katika Ukumbi wa Bunge?



Ndugu wasomaji, nyumba za Mji wa Kale zina adabu ya mlango. Mbele ya nyumba pana baraza la mawe, ambapo apitaye aweza kuketi akapumzika bila kuulizwa kilichomleta. Baada ya baraza pana daka, na hapo ndipo mgeni hubisha hodi akangoja. Baada ya daka ndipo ndani, ambako haingii mtu ila kwa idhini ya wenyewe. Adabu hii imeshikana na mafundisho ya dini yetu. Suratun-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, yatuamrisha tuombe ruhusa na tutoe salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, na tukiambiwa turejee, basi turejee. Hakuna miongoni mwetu aonaye kwamba mlango wenye hodi ni dhuluma. Nyumba isiyo na hodi haina sitara.

Bunge nalo ni nyumba yenye mlango. Wala si ajabu kwamba wazee wetu, walipotafuta jina la mkutano wa watunga sheria, walilichukua neno lile lile la pale mlangoni wakaliita Baraza. Lakini baraza la nyumba hukaribisha kila mpita njia, ilhali Baraza la kutunga sheria lina kanuni ndefu za nani aingie, nani akae wapi, avae nini, na nani atolewe nje. Juma hili twapenda kuzizungumza kanuni hizo, kwa kuwa msimu wake umefika. Vyama vimeanza kuwatafuta wagombea wa uchaguzi wa Agosti 2027, na katika mabaraza yetu, kila linapotajwa jina la mwanamke kijana, hulifuata swali moja: Je, mtoto atamwachia nani? Twaona swali hilo laelekezwa pasipo pake, na makala haya yatajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na tukio ambalo wengi wetu twalikumbuka. Tarehe 7 Agosti 2019, Mheshimiwa Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi mitano. Ukumbi ukachafuka. Baadhi ya wabunge wanaume walipaaza sauti wakisema hilo halijapata kuonekana, na Mheshimiwa Chris Omulele, aliyekuwa amekalia kiti cha Spika kwa muda, akamwamuru atoke na mtoto wake. Angeweza kurudi, lakini bila ya mtoto. Akatoka, na wabunge wanawake kadhaa wakatoka pamoja naye. Baadaye aliwaeleza waandishi kwamba siku ile alipatwa na dharura, na kwamba lau Bunge lingekuwa na mahali pa kumweka mtoto, asingemwingiza ukumbini. Iliripotiwa pia kwamba tangu mwaka 2013 Tume ya Huduma za Bunge ilikwisha kukubali kwamba chumba cha akina mama wanaonyonyesha kitengwe.

Hoja iliyotumika kumtoa ilikuwa fupi: mtoto yule alikuwa mgeni. Kwa mujibu wa kanuni za Bunge, kila asiyekuwa mbunge wala mtumishi wa Bunge mwenye kazi yake mle ukumbini ni mgeni, na mgeni mahali pake ni roshani ya wageni. Kanuni haikuuliza mgeni huyo ana umri gani, wala kama ana meno. Kwa hivyo tuseme la haki kabla hatujasema jingine: aliyekuwa amekalia kiti siku ile hakutunga jambo kichwani mwake. Aliisoma kanuni aliyoikuta mezani. Mwenye kulaumu na ailaumu kanuni, au awalaumu walioahidi chumba wasikitoe.

Na neno hilo "mgeni" latupasa tulitazame, maana katika Kiswahili lina uzito wake. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni ni baraka inayobisha hodi. Neno la Kiingereza lililorithiwa na mabunge yetu halikuwa na ladha hiyo. Lilikuwa na maana ya mtu baki, mtu asiyejulikana, ambaye kuwapo kwake ni shaka. Waingereza wenyewe mwaka 2004 waliliacha neno hilo katika Bunge lao la chini, wakaanza kuwaita wageni wao kwa jina la umma. Walitambua kwamba si sawa kumwita mtu baki yule ambaye kodi yake ndiyo inayowasha taa za jumba.

Hata hivyo hatusemi kwamba Bunge liwe soko. Kanuni za kuingia zina hekima, na hekima hiyo yafaa ijulikane asili yake. Tarehe 4 Januari 1642, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliingia katika ukumbi wa Bunge la chini na askari wake, akiwatafuta wabunge watano awakamate. Hakuwapata. Lakini jambo lile liliacha alama, na tangu siku hiyo mfalme wa Uingereza haingii tena katika ukumbi ule. Anapotaka kuhutubia, wabunge ndio hutoka wakamfuata katika ukumbi wa pili. Mlango uliofungwa hapo ulifungwa mbele ya mwenye nguvu, ili mnyonge aseme bila hofu. Ndiyo asili ya kinga walizo nazo wabunge wetu hata leo: Ibara ya 117 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda uhuru wa kusema na kujadili ndani ya Bunge, na uhuru huo usingekuwa na maana kama kila mwenye bunduki au mwenye fedha angeweza kusimama nyuma ya kiti cha mbunge.

Vivyo hivyo katika misikiti yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti kabla harufu haijamtoka. Hakuwa mtu duni aliyekula kitunguu, wala kitunguu si haramu. Aliambiwa angoje kwa sababu harufu yake ingewaudhi wenzake katika ibada. Kanuni hiyo yalinda kazi ya mahali, na yampata kila mtu sawasawa, awe tajiri au maskini. Na ikiondoka harufu, mlango u wazi.

Kwa hiyo twaweza kuzigawa kanuni za mlango katika mafungu mawili. Liko fungu linalolinda kazi: lizuialo silaha, kelele, vitisho, na kura ya asiyestahiki kupiga kura. Na liko fungu linalolinda mazoea ya waliotangulia kuingia. Fungu hili la pili hujivika nguo za la kwanza, hata likaonekana ni adabu, ni heshima, ni desturi ya jumba. Tofauti yake hudhihiri kwa kuuliza swali moja: Je, mtu huyu akiingia, ni kazi gani itakayoharibika? Pakipatikana jibu, kanuni ina msingi. Jibu likiwa tu kwamba jambo hilo halijapata kuonekana, basi mjue tunalinda mazoea.

Historia ya nchi yetu imejaa mifano ya fungu la pili. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907, na wote walioketi humo walikuwa Wazungu walioteuliwa. Mwaka 1909 akateuliwa Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri wa Kihindi aliyeanzisha gazeti lake hapa Mombasa mwaka 1902, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza hilo. Mwaka 1920 walowezi wa Kizungu wakawachagua wajumbe wao kwa kura. Kisha ukaja waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, uliogawa viti kwa rangi: Wazungu viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi vitano, Waarabu kimoja. Na Mwafrika, mwenye nchi, maslahi yake yakasemewa na mmisionari wa Kizungu. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kazi ya Baraza ingeharibika Mwafrika akiketi. Ilisemwa tu kwamba wakati wake haujafika. Ulipofika mwaka 1944, akaingia Eliud Mathu kwa kuteuliwa. Na Machi 1957 ndipo Waafrika wakachaguliwa kwa kura kwa mara ya kwanza, wanane nchi nzima, miongoni mwao Ronald Ngala wa kwetu Pwani.

Hapa Mombasa mlango ule ulikuwa na kizuizi cha ziada. Kiti kimoja cha Waarabu kilileta swali la nani aandikwe katika daftari la wapiga kura wa Kiarabu, na watu wa Thenashara Taifa, wenyeji wa kisiwa hiki tangu zamani, wakakuta majina yao hayakubaliwi. Ndugu waliosali safu moja na kuoana wao kwa wao wakatenganishwa na daftari. Majeraha ya ubaguzi ule yaliwachosha wazee wetu kwa miaka mingi, na athari zake zilisikika katika siasa za Pwani muda mrefu baadaye. Ni ushahidi tosha kwamba kanuni ya mlango wa Baraza huweza kuvunja undugu hata wa watu ambao hawatafika Baraza lenyewe maishani mwao.

Ama wanawake, wao waliachwa nyuma zaidi. Miaka ya 1950 ilipoelekea ukingoni, wanawake wa Kiarabu walikuwa wangali nje ya daftari. Mwaka 1958 akina mama wa hapa Mombasa walikusanya saini wakapeleka ombi serikalini kudai haki ya kupiga kura. Wengine wetu ni wajukuu wa akina mama hao. Walikuwa watu wa buibui, wa nyumba zenye daka na sitara, waliosoma Kurani na kulea, na hawakuona kwamba karatasi ya kura ingewapunguzia staha. Walibisha hodi kwa adabu kamili, kwa kalamu na kwa majina yao. Basi anayesema leo kwamba siasa ni jambo geni kwa mwanamke wa Kiislamu wa Pwani, na akaulize nyumbani kwao kwanza.

Baada ya uhuru mlango uliendelea kupanuliwa kidogo kidogo. Mwaka 1969 Grace Onyango wa Kisumu akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta akaagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na lugha iliyokuwa ya mabaraza ya mawe ikaingia katika Baraza la sheria. Katiba ya 2010 ikaenda mbali zaidi: Ibara ya 120 imezitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na Ibara ya 97 ikaweka viti 47 vya wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Kiti alichokikalia Mheshimiwa Zuleikha ni mojawapo ya viti hivyo. Tazameni basi ajabu yake: Katiba ilimfungulia mwanamke mlango kwa sababu ni mwanamke, kisha kanuni ikamtoa kwa jambo ambalo ni mwanamke peke yake awezaye kuwa nalo, yaani mtoto anayenyonya kifuani pake.

Wako waliosema, na wengine ni watu wa busara, kwamba ukumbi wa kujadili sheria wahitaji utulivu, na mtoto hajui utulivu. Wakasema pia kwamba wanawake wengi nchini huenda kazini wakawaacha watoto wao nyumbani, na mbunge ana uwezo wa kuajiri yaya kuliko wao. Na wakaongeza kwamba akiruhusiwa mmoja, kesho ukumbi utajaa. Hoja hizi zastahiki kujibiwa kwa utaratibu.

Juu ya utulivu twasema: ni kweli, kelele huharibu kazi. Lakini siku ile yenyewe, sauti zilizovuruga kikao zilikuwa za wazee wenye tai, si za mtoto. Na kama tatizo ni kilio, dawa yake ni chumba kilicho jirani na ukumbi, mama aweze kutoka akanyonyesha na kurudi kabla ya kura kupigwa. Hicho ndicho kilichoahidiwa. Juu ya wanawake wengine twasema: hoja hiyo yapaswa kupinduliwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 71, yamtaka mwajiri atenge mahali pa akina mama kunyonyesha kazini. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge. Ikiwa nyumba iliyoitunga haikuwa imeitimiza, ni nani atakayemshurutisha mwenye kiwanda cha Changamwe au mwenye duka la Barabara ya Digo aitimize? Aliyetolewa nje siku ile alitolewa mbele ya macho ya waajiri wote wa Kenya, nao walijifunza. Na juu ya ukumbi kujaa twasema: wabunge wenye watoto wa kunyonya ni wachache daima, na miezi ya kunyonya huisha.

Mabunge ya wenzetu yamepita njia hii hii. Huko Australia, mwaka 2009 mtoto wa miaka miwili wa Seneta Sarah Hanson-Young alitolewa ukumbini akilia, na mama yake akibaki kupiga kura. Kanuni zikalegezwa mwaka 2016, na Mei 2017 Seneta Larissa Waters akamnyonyesha mwanawe ndani ya ukumbi ule ule wa Seneti, na kazi ikaendelea. Uingereza nako, Novemba 2021, mbunge Stella Creasy aliandikiwa kwamba haifai kuja na mtoto wake mchanga kwenye mjadala, na jambo hilo likazua mabishano nchi nzima. Kumbe basi Kenya haikuwa peke yake.

Sisi wasomaji wa gazeti hili tuna jambo jingine la kulizingatia. Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia kwamba Mtume aliswalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama binti Zaynab. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Na imethibiti pia kwamba alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha husikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Angaliени utaratibu huo. Hakumwamuru mama atoke. Aliifupisha kazi ya wote, nayo ni swala, iliyo tukufu kuliko mjadala wa mswada wowote. Ikiwa safu za Msikiti wa Madina zilikuwa na nafasi ya mtoto alialo, kwa hoja gani tutasema kwamba viti vya ngozi vya Bunge ni vitakatifu zaidi?

Kutoka kwa mtoto twende kwenye vazi, maana nalo ni kanuni ya mlango. Tarehe 1 Juni 2021 huko Dodoma, Spika Job Ndugai alimtoa mbunge wa Momba, Mheshimiwa Condester Sichalwe, kwa sababu ya suruali iliyolalamikiwa kuwa imembana. Hapa kwetu, Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alitangaza kwamba suti za Kaunda na mavazi ya asili ya Kiafrika hayakubaliki katika majengo ya Bunge, na mwanamume avae koti, kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Sisi ni watu wa staha, na hatupingi kwamba mkutano wa heshima uwe na vazi la heshima. Lakini staha na koti si kitu kimoja. Suti ya Kaunda hufunika mwili tangu shingoni hadi miguuni. Tukiuliza lile swali letu, ni kazi gani iharibikayo mbunge akiivaa, hatupati jibu. Tai haikuletwa na staha. Ililetwa na wale walioketi mwaka 1907. Aliye na hamu ya kulinda heshima ya nyumba na aandike kwamba mwili usitirike na nguo iwe safi, kisha amwachie mwana wa nchi achague kitambaa.

Imebaki sehemu inayotuhusu sisi tusio wabunge. Ibara ya 118 ya Katiba yalitaka Bunge lifanye kazi zake waziwazi, liwashirikishe wananchi, wala lisiwazuie umma na waandishi wa habari kuhudhuria kikao chochote, ila pawepo hali ya kipekee ambayo Spika ameona ina sababu ya haki. Ibara ya 196 yasema hivyo hivyo juu ya mabaraza ya kaunti. Na Ibara ya 119 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni ili jambo litungiwe sheria, lirekebishwe au lifutwe. Maana yake ni kwamba hodi yetu ina jibu lililoandikwa. Baraza la Kaunti ya Mombasa li hapa hapa kisiwani, na wadi 30 zimepeleka wajumbe humo, Wadi ya Mji wa Kale na Makadara ikiwa miongoni mwazo. Ni wangapi kati yetu tumewahi kupanda roshani ya wageni tukasikiliza bajeti ya maji na takataka ikijadiliwa? Twalalamika kwamba hatusikilizwi, na roshani i tupu.

Mlango ukiachwa bila kutumiwa hushika kutu, na mlango ulioshika kutu huishia kuvunjwa. Tarehe 25 Juni 2024 nchi ilishuhudia hayo. Wabunge walikuwa wamekwisha kupitisha Mswada wa Fedha ambao sauti nyingi ziliupinga. Waandamanaji, wengi wao vijana, wakaingia kwa nguvu katika majengo ya Bunge, sehemu ya majengo ikachomwa moto, risasi zikafyatuliwa, na watu wakapoteza maisha yao. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Sisi hatuhalalishi kuvunja nyumba. Kurani yatufundisha, katika Suratul-Baqara aya ya 189, kwamba nyumba huingiwa kwa milango yake. Lakini mafunzo hayo yana pande mbili. Mgeni ameamrishwa aje mlangoni, na mwenyeji naye hana udhuru wa kukaa kimya ndani huku hodi ikisikika. Damu iliyomwagika siku ile yatuhukumu sote, wa ndani na wa nje, na tunawaombea waliofariki rehema ya Mola wao na wazazi wao subira.

Sasa turejee kwenye swali la mabarazani: mtoto atamwachia nani? Swali hilo huulizwa mwanamke peke yake. Mgombea mwanamume mwenye watoto sita haulizwi, ilhali watoto wake nao wana haja ya baba. Tumesoma katika Suratul-Baqara, aya ya 233, habari za kunyonyesha kwa miaka miwili kamili, na katika aya hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ametaja kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Kulea kumewekwa kuwa shauri la nyumba nzima. Basi jibu la haki ni kwamba mtoto ataachiwa baba yake, bibi yake, khalati yake, na ataachiwa chumba ambacho sheria imekiamuru. Hapo swali halimwelekei tena mama. Lamwelekea mume, ukoo, na Bunge.

Na kabla hatujawanyoshea kidole wa Nairobi, tuitazame milango yetu wenyewe. Kamati za misikiti na madrasa zetu hukutana baada ya swala ya Isha, saa ambayo mama wa watoto wadogo hawezi kutoka. Mikutano ya wazazi hufanyika juu, ghorofa ya pili, ambako mzee mwenye magoti mabovu hapandi. Hakuna aliyeandika kwamba mama na mzee wasije. Saa na ngazi zimeandika kwa niaba yetu. Kanuni isiyoandikwa ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna ukurasa wa kuufuta.

Tuna nasaha tatu, na kila nyumba yaweza kuanza na iliyo nyepesi kwake. Ya kwanza, wenye kamati watafute saa ya alasiri walau mara moja kwa mwezi, na wafungue chumba cha chini. Ya pili, walimu wa madrasa na skuli wawachukue wanafunzi wakubwa, wavulana na wasichana kwa utaratibu wake, waende kwenye roshani ya Baraza la Kaunti wakasikilize kikao kimoja, warudi waandike walichokisikia. Ya tatu, mgombea yeyote atakayefika barazani petu kutaka kura za 2027, tumuulize waziwazi kanuni gani za mlango atazibadilisha: za mtoto, za vazi, za lugha, au za mtu mwenye ulemavu. Tumuulize mwanamume kama tutakavyomuuliza mwanamke.

Kuna neno katika Suratul-Mujadila, aya ya 11, ambalo hutujia kila tunapoona watu wamebanana barazani. Waumini wameamrishwa kwamba wakiambiwa wapeane nafasi katika mabaraza, wapeane, na Mwenyezi Mungu atawapa nafasi. Aya hiyo haikusubiri baraza lijengwe upya liwe kubwa. Imewataka waliokwisha kuketi wasogee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wenye kuketi moyo wa kusogea, na wenye kubisha hodi adabu na subira ya kungoja jibu. Wabillahi tawfiq.